Jeshi la Mbaazi

Kama umekulia upande wetu wa Babati, harufu hii huna haja ya kuelezwa: mbaazi mbichi zikichemka na maganda yake, maji na chumvi basi, hadi maganda yanalainika na punje zinateleza zenyewe ukibana kwa meno. Wengine harufu hiyo inawapa njaa. Mimi inanipa njaa na hasira kwa pamoja, na sijawahi kujua ipi inatangulia.

Juzijuzi, jioni moja, nilikuwa nimezibandika jikoni kwangu hapa Bagara. Mjukuu wangu akaingia kutoka shule, sweta kalifunga kiunoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni mtoto wa binti yangu anayefanya kazi za ndani Arusha, mimi ndiye ninayekaa naye.

“Shikamoo bibi. Lile panga dogo liko wapi?”

“Marahaba. Panga la nini wewe?”

“Mwalimu amesema kuanzia Jumatatu tunavuna mbaazi za shule. Na mimi nimechaguliwa, bibi! Nimechaguliwa!”

Alilisema neno hilo huku anarukaruka, nikaisikia sauti yangu mwenyewe ya zamani ikitoka kwenye kinywa chake. Yuko darasa la saba. Mtihani wa taifa uko mlangoni. Niliepua sufuria, nikamwekea yeye bakuli, mimi sikuweza kula. Ngoja nikueleze kwa nini, maana mtu akikuona umeikasirikia sufuria ya mbaazi atadhani una wazimu.

Mimi nililelewa na bibi yangu kule Mutuka, wakati ule kukiwa mashamba tu, nyumba moja hapa, nyingine kule ng’ambo ya korongo. Bibi alishuka kutoka Mbulu akiwa msichana, akashuka na lafudhi yake na mbuzi wake, na vyote viwili hakuviacha mpaka anakufa. Asubuhi za Agosti zilikuwa za baridi ile ya kuuma masikio, upepo unatoka mlima Kwaraa unapita moja kwa moja kwenye nyufa za ukuta. Naamka nasikia bibi anapuliza moto, moshi umejaa ndani, anakohoa na kuusema moto kama anamsema mtu. Nafagia zizi, nakamua mbuzi, nakunywa kikombe cha maziwa ya moto yenye ladha ya moshi wa kibuyu, kisha naweka kuni kichwani na kwenda shule. Kila mtoto alipeleka kuni za walimu. Chakula shuleni hakikuwepo. Kikombe kile cha maziwa ndicho kilitakiwa kunifikisha jioni, na hakikuwahi kunifikisha.

Ndiyo maana msimu wa mbaazi kwetu ulikuwa sikukuu.

Ilikuwa hivi. Mbaazi zikikauka, tajiri mmoja wa mjini, mwenye shamba kubwa jirani na shule na lori la bluu, alikuwa anakuja ofisini kwa mwalimu mkuu. Wanaongea, wanacheka, tajiri anaondoka. Kesho yake mstarini mwalimu mkuu anapita mbele ya darasa la saba na kifimbo, anatuangalia mabega na mikono kama mtu anayenunua ng’ombe mnadani.

“Wewe. Wewe. Wewe mrefu, njoo. Wewe mwenye magoti ya chuma. Nyie ndio jeshi langu!”

Tulipiga makofi! Tulichaguliwa. Waliobaki walikuwa mtoto wa bwana shamba, watoto wa mhasibu wa halmashauri, binti wa nesi, na wengine wa namna hiyo, waliokuwa na viatu na soksi. Tuliwaonea huruma. Si huruma tu, tuliwazomea. Tukipita dirishani na mapanga yetu tunawaimbia, “Watoto wa mayai, kaeni na chaki! Watoto wa mayai, mtavunjika!” Binti wa nesi, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, siku moja alilia kabisa. Alimwomba mwalimu naye aende shambani. Mwalimu akamwambia, “Wewe mama yako ataniua.”

Sikia hilo neno. Mama yake angemuua. Bibi yangu mimi alimpelekea mwalimu maziwa.

Ndiyo. Nilipomwambia nimechaguliwa, bibi alijaza kibuyu maziwa ya mgando, akajitanda shuka lake jipya, akatembea mwenyewe mpaka shule kumshukuru mwalimu mkuu kwa kumwona mjukuu wake. Kwao mtoto hasifiwi kwa maneno. Anasifiwa kwa kupewa kazi. Mkubwa akikuita shambani kwake mbele ya wengine, maana yake amekuona una akili na mifupa. Bibi alikuwa na msemo wake: “Mtoto asiyeitwa na mtu ni mtoto wa kivuli.” Mwalimu mkuu alipokea maziwa kwa mikono miwili, akasema, “Asante mama, mjukuu wako ni mchapakazi sana.” Bibi alirudi nyumbani anatembea kama aliyepewa ng’ombe.

Na sitakudanganya, ilikuwa tamu. Kama isingekuwa tamu ningeichukia vizuri zaidi. Tulikuwa tunakata miti ya mbaazi asubuhi umande ukiwa bado, tunailaza kwenye turubai, jua likipanda tunapura kwa fimbo. Wavulana upande huu, wasichana upande ule. Mmoja anauliza kwa wimbo, “Mbaazi hizi za nani?” na sisi wote fimbo zinashuka pamoja, “Za tajiri!” Vumbi lake lilikuwa linawasha shingoni mpaka unajikuna usiku kucha. Wasichana tulipepeta, punje zinaanguka kama mvua kwenye bati. Na mchana, ndugu yangu, mchana tulikula. Mke wa tajiri alikuwa analeta pipa, tunachemsha zile ambazo bado mbichi, kila mtu anakula mpaka anashindwa kuinama. Tulikuwa tunarushiana maganda. Nilicheka mwezi ule kuliko mwaka mzima. Jioni narudi nimebeba mzigo wa miti mikavu ya mbaazi kichwani, kuni nzuri kuliko zote, na bibi yuko mlangoni ananisubiri kama anayemsubiri mwanajeshi.

Upande wa pili wa uzio, watoto wa mayai walikuwa wanasoma. Mwalimu wa hesabu alikuwa amebaki nao, na saa za mchana akawa anawapa twisheni kwa sababu wazazi wao walilipia. Sisi tulisikia sauti yake kwa mbali, anapiga ubao. Hakuna aliyejali. Tulidhani anarudia yaleyale.

Basi siku ya mtihani nikafungua karatasi ya hesabu. Maswali ya mwanzo nikayaua, maana akili nilikuwa nayo, usidhani. Kisha nikakuta alama nisiyoijua: viduara viwili na kamstari kameinama katikati. Nikatazama swali lingine, ipo. Lingine, ipo. Nikaona kama mbaazi mbili na kijiti. Nikasema labda mashine iliyochapa karatasi ilikuwa chafu, nikaziruka hizo alama na kuhesabu namba peke yake. Nilitoka nje nimetabasamu. Nikamuuliza binti wa nesi, “Umeona karatasi ilivyochafuka?” Akanishangaa. “Ile ni asilimia,” akasema. “Si tulifundishwa?”

Tulifundishwa. Yeye na nani?

Matokeo yalipokuja, kwenye jeshi lote hakuchaguliwa hata mmoja. Hata mmoja! Watoto wa mayai karibu wote walikwenda sekondari. Nilimpa bibi habari hiyo akiwa anapukuchua mahindi. Alishika viganja vyangu, akavigeuza juu, akasema, “Si kitu. Mikono unayo.” Alitaka kunifariji. Hakujua kwamba hayo ndiyo matanga yangu.

Sasa wahusika nitawataja. Majina siyasemi, vyeo vyao vinawatosha, walio hai wakisoma watajijua. Wa kwanza ni mwalimu mkuu, aliyesema fedha ya kibarua chetu ni ya madawati. Tulimaliza shule tumekaa kwenye matofali. Wa pili ni tajiri wa lori la bluu, aliyejua kabisa ule ni mwezi wa mtihani, kwa sababu wa kwake alimpeleka bweni Moshi. Wa tatu ni mwalimu wa hesabu, aliyefundisha somo la serikali kwa bei ya soko. Wa nne ni wale wazazi wenye soksi. Walijua. Waliona nusu ya darasa iko shambani, wakaondoa wa kwao kimya kimya, wakanyamaza kuhusu sisi. Bibi simtaji. Bibi aliibiwa huku anashukuru, na sitamlaumu aliyeibiwa.

Watu wenye elimu wakija kutufanyia semina wanasema elimu ni ufunguo. Mimi nakwambia kukosa elimu ni mwili, kunakaa kwenye mgongo na kwenye magoti. Miaka mingi nimefanya kazi kwenye maghala ya mbaazi hapa mjini, tunakaa wanawake chini, tunachambua mawe na takataka. Nilipopata kishamba changu nikawa napeleka za kwangu kuuza, na kila mwaka mnunuzi anachoma kijifaa chake kwenye gunia, anasema, “Mama, unyevu. Tunakata asilimia.” Ngapi? Anataja. Ni sawa? Sijui. Nilikuwa nasimama pale kama siku ya mtihani, naangalia viduara viwili na kijiti. Ndivyo umaskini wetu unavyopikwa. Hakuna anayekuja na bunduki. Anakuja na hesabu uliyonyimwa ukiwa mtoto.

Na mwaka juzi nilikwenda hospitali na kifua. Dirishani alikuwepo mama mmoja nadhifu, miwani mizuri, ngozi laini. Akanitazama kwa heshima, akasema, “Shikamoo mama.” Nikajibu, “Marahaba.” Alipoinama kuandika ndipo nikamtambua. Binti wa nesi! Tulikaa dawati moja. Tumezaliwa msimu mmoja. Hakunitambua, akaniamkia kama mama yake, na mimi nikaipokea, kwa sababu ningeanzaje kumweleza? Nilitoka pale nikaenda kujitazama kwenye kioo cha duka la simu, nikasema, kumbe ndivyo ilivyo. Yule hakunizeesha. Nilizeeshwa zamani, siku niliyopigiwa makofi.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata baada ya mjukuu kuulizia panga, nilikwenda shule. Mwalimu mkuu wa sasa ni mwanamke kijana, umri wa binti yangu. Aliniamkia, akanipa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na yeye akaniharibia, maana hakuwa mtu mbaya.

“Bibi, zile mbaazi ni chakula cha watoto,” akasema. “Wazazi hawachangii. Nikiziacha zipukutike shambani, Oktoba watoto wanasinzia kwa njaa. Nifanyeje?”

“Na wanaobaki darasani ni akina nani?”

Akaangalia meza. “Wale waliolipia kambi ya masomo. Siwezi kuwatoa, wazazi wao watakuja juu.”

Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa amekaa pembeni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kitambi na maneno. Akacheka. “Mama, usikuze mambo. Kuvuna nako ni elimu. Sisi si tulivuna? Tumekufa?”

“Kama ni elimu,” nikamwambia, “mbona wa kwako anaikosa? Kila asubuhi namwona anapanda basi la njano la shule ya kulipia.”

Mwalimu akageukia dirisha, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mwenyekiti akasema yule ni mtoto wa mama yake, mambo ya shule hayo ni ya mama. Nikamwambia basi amlete mama tuongee. Kisha nikamgeukia mwalimu. “Ukipata watu wazima wa kuvuna, watoto wote watakaa darasani? Wote, waliolipa na wasiolipa, chumba kimoja?”

Akafikiri. “Bibi, ukiniletea watu, nakuapia watakaa wote.”

Sasa kazi ikawa ni watu. Nilipita nyumba kwa nyumba. Unajua nilijibiwa nini? “Aa, mama, waache watoto wakavune, ndio raha yao.” Mama mmoja akaniambia kwa fahari, “Wa kwangu kachaguliwa wa kwanza.” Nilimtazama, nikamwona bibi yangu na kibuyu chake. Yule mama alitaka kusifiwa mtoto wake, kama kila mzazi. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamhadithia yote, mpaka ile shikamoo ya hospitali. Kisha akasema, “Kumbe walikuwa wanatuchagulia maisha.” Jumapili nilimwomba katekista nafasi kwenye matangazo baada ya misa. Sijawahi kusimama mbele ya watu wengi vile. Nilisema tu hivi: Jumatatu ni msaragambo, kazi ya wote, mwenye mtoto shuleni aje na panga, na asiyekuja asije kulalamika matokeo yakitoka. Nikarudi kukaa.

Vita kubwa ilikuwa nyumbani. Mjukuu alipojua, alilia kilio cha msiba.

“Bibi umeniharibia! Wenzangu watanicheka!”

“Wenzako nao watakuwa darasani.”

“Sasa tutakula nini huko? Shambani wangetuchemshia!”

Hapo alinipata. Nilijua anachokililia, nilikijua kwa ulimi. Nilitaka kumwambia nenda siku moja tu, ukaonje. Nilifumba mdomo. Mwaka wa mtihani wa binti yangu, mama yake, nilifungua mdomo huohuo nikasema siku moja si kitu, akamsaidie jirani kulea. Siku ikazaa nyingine, na leo anafua nguo za watu Arusha. Mara hii sikutoa hata siku moja. Nikalificha panga chini ya godoro langu, nikalala juu yake.

Jumatatu walikuja wachache kuliko walioitikia amina. Yule mama wa kigoda alikuja, akamburuta na mumewe. Katekista alikuja na suruali ya Jumapili, tukamcheka mpaka akaikunja. Mwenyekiti alipita na pikipiki, akasimama, akaangalia, akasema ana mgeni. Mchana akarudi na gunia la sukari na majani ya chai, akashika fimbo akapura kidogo mpaka kitambi kikamshinda. Tulipura kwa siku kadhaa. Mtu mmoja akauliza kwa wimbo, “Mbaazi hizi za nani?” tukajibu, “Za watoto!” sauti zetu zimekauka kama milango mibovu. Mgongo wangu uliniuma hadi nikalala chali kwenye vumbi nikitazama mawingu, na yule mama akaniambia, “Inuka bibi, utapepetwa na wewe.”

Kutoka pale chini nilisikia darasa. Sauti moja ya mwalimu na sauti nyingi za watoto zikijibu, wote, wa soksi na wa peku. Mwalimu alitimiza. Mchana akawapelekea bakuli za mbaazi zetu madarasani, na wazazi waliolipia kambi walipokuja juu aliwajibu mwenyewe. Sasa mimi na yule mama tumekwishamwambia mwenyekiti kwamba mwakani shamba litagawanywa, kila mzazi na mstari wake, asiyeweza kuvuna alete mtu wa kumvunia. Alisema atalipeleka kwenye kikao. Nikamwambia na sisi tutakuwepo kwenye kikao.

Shamba la tajiri lilikwisha zamani. Limepimwa viwanja, kuna nyumba za mabati ya rangi na baa moja yenye muziki mkubwa. Jeshi letu limetawanyika: wengine wamekufa, wengine wako machimboni Mirerani, mmoja namwona stendi anabeba mizigo, tukikutana tunacheka, tunakumbushana yale maganda tuliyorushiana. Utamu ule haupo tena popote, na kuna siku naulilia, siwezi kukuficha. Lakini nimeamua uishie kwangu. Mjukuu wangu atakua bila hadithi ya fimbo na vumbi na kicheko cha mchana. Mpaka leo ananiamkia kwa sauti ya chini, ananipa chai bila kunitazama. Asubuhi anatoka na sweta lake, namfuata kwa macho mpaka anakunja kona ya shule.

Amekasirika. Na akasirike, ana haki. Akasirikie darasani.